Daftari la Makapi

Mimi nilipiga besi, na kwa kuwa nina mwandiko
wakanikabidhi daftari:
jalada la bluu, jedwali la kuzidisha mgongoni,
na mstari wa kwanza kabisa:
Gitaa moja, la Singano, si la bendi.

Wakati ule kila bendi ilikuwa na mwenyewe.
Jeshi lilikuwa na yake, polisi yake, bima yake.
Sisi tulikuwa watu watatu wa Ngamiani
na chumba cha uani kwa mama yake Mbelwa,
aliyetukaribisha kwa masharti mawili:
adhana ikilia, zima;
na vumbi la dari lisishukie mchele wake.

Jina alilichagua Singano.
Alisema mkonge ukishakamuliwa, nyuzi hupanda meli;
kinachobaki kinanuka, hakina bei,
kinamwagwa nyuma ya kiwanda.
Basi ndio sisi, akasema. Makapi.

Roki tuliijua kwa sahani tatu
za Mgiriki mmoja aliyeuza vyombo vyake akihama Amboni.
Moja ilikuwa na ufa, ikirukaruka palepale,
tukaupiga wimbo pamoja na ufa wake
miaka miwili, tukidhani ndio mtindo.

Watu walitaka rumba.
Makorora, onyesho la pili, nimeandika:
Amerudishiwa shilingi kumi. Amesema kichwa kinamuuma.
Sikuficha kitu.
Muheza tulilipwa machungwa, magunia mawili,
Mbelwa akala hadi akashindwa kushika vijiti vya ngoma.

Mwaka nyuzi za gitaa zilipokosekana hata kwa dawa
tulifunga waya wa breki ya baiskeli.
Vidole vya Singano vikachanika, akaendelea vivyo hivyo,
na ule mlio
(sijausikia tena, na nimeutafuta)
ulikuwa kama bati linalojaribu kutaja jina lake.
Usiku ule hakuna aliyedai kiingilio.
Walisimama tu. Hawakucheza. Walisimama.

Dar tulikwenda mara moja,
nyimbo nne kwa saa mbili,
fundi mitambo akiuliza kila mara kama gitaa ni bovu.
Mmoja ukapigwa redioni, Alhamisi, saa kumi alasiri.
Mtangazaji akasema: hao walikuwa Makapu, kutoka Tanga.
Mama Mbelwa alicheka hadi akakaa chini,
na tangu siku ile sokoni
wakawa wananiuliza bei ya makapu.

Hatukuvunja bendi. Niseme kweli, sijui iliisha lini.
Mimi nilipata kazi ya saruji Pongwe, zamu za usiku.
Mbelwa alioa; ngoma kubwa ikatolewa ngozi, ikatiwa mkaa.
Daftari linasema:
Jumanne, amekuja Singano.
Jumanne, Singano.
Jumanne, Singano. Mvua.
Habari hizo aliniletea yeye mwenyewe kiwandani
ili niziandike.

Mwaka jana tulimzika Mabokweni.
Kaka yake alisimama kando ya jeneza, akasema kama ilivyo ada:
anayemdai marehemu, ajitokeze.
Daftari lilikuwa nyumbani, chini ya godoro, lakini nalijua.
Ukurasa wa thelathini na moja:
Singano anadaiwa shilingi arobaini, waya wa breki.
Na chini yake, kwa wino mwingine, mwandiko si wangu:
Bendi inadaiwa na Singano. Gitaa. Miaka kumi na mmoja.
Sijui aliandika lini. Sikuwahi kumuuliza.

Mkono wangu uliinuka wenyewe.
Watu wakageuka. Nikajikuna shingo.

Mbelwa, meno yamempungua, akaninong'oneza:
sasa lile tutalilipaje?
Nikamwambia shika huku, mimi nashika huku.
Tukabeba.